Programu ya Zamu za Maji Ilipoacha Kuwa Yangu

Nilistaafu miezi mitatu iliyopita, na tangu siku hiyo mmenipigia simu ya kikazi mara mbili tu. Mara ya kwanza mliuliza ufunguo wa kabati la nyaya uko wapi. Mara ya pili mlitaka kujua nani aliazima birika la ofisi. Kuhusu programu ya zamu hakuna aliyeniuliza hata neno moja. Mtu mwingine angenuna. Mimi nimefurahi kiasi cha kukaa chini niandike, maana wengi wenu mlikuja mambo yakiwa yameshanyooka na mnadhani yalizaliwa hivyo.

Vyeo sitavitaja, na mshahara ndiyo kabisa. Barua zake zimo kwenye faili na anayetaka kujichosha akazisome. Nitasema habari za kazi yenyewe.

Nilifika Same nikiwa na sanduku la bati na barua ya kuajiriwa, na nilivaa sweta. Nilikuwa nimetoka Suji asubuhi, kwenye ukungu na migomba, sikufikiria kwamba saa nane mchana ningekuwa nimesimama kwenye upepo wa Same na vumbi lake lote. Karani wa ofisi ya maji aliyenipokea aliitazama ile sweta, akaniuliza kama naumwa. Kisha akanikalisha mbele ya taipureta yenye herufi moja iliyokwama na kunipa orodha za zamu za maji kutoka vijijini nizichape. Kwa miaka yangu ya kwanza hiyo ndiyo ilikuwa kazi yote, na herufi ile ilikwama hadi mwisho.

Kwa asiyetoka kwetu nieleze kidogo. Milimani Upare maji ya kijito huingizwa kwenye ndiva, bwawa dogo lililochimbwa na babu zetu. Ndiva hujaa maji usiku watu wakiwa wamelala, asubuhi hufunguliwa, na maji hushuka kwa mfereji hadi mashambani. Kila kaya ina zamu yake. Wakati wa kiangazi zamu moja ikikupita, maharage yaliyokuwa yanatoa maua hayaoni maji tena mpaka mzunguko mzima uishe, na hapo huwa yameshakuwa kuni. Kwa hiyo orodha ya zamu si karatasi ya kuchezea.

Aliyenifundisha kazi hakuwa mtu wa ofisini. Ni Mzee Elinaja, mgawa maji wa Vudee, ambaye wakati huo alikuwa bado na nywele nyeusi. Nilitumwa kwake kuhakikisha majina. Nilipofika na karatasi zangu nikamwamkia, aliitikia vizuri, akaniambia karatasi niziweke ndani kwanza. Tukatembea mfereji wote, kutoka ndiva hadi shamba la mwisho, mimi na viatu vyangu vya mjini. Kwa kila shamba alimtaja mwenyewe, zamu yake, aliyemrithi, na wale wasioelewana ambao zamu zao hazipaswi kufuatana la sivyo jembe litatumika kwa kazi nyingine. Nyingi ya habari hizo hazikuwa kwenye orodha yangu. Nilirudi Same na malengelenge na heshima.

Kompyuta ya kwanza ilipoletwa ofisini ilifunikwa kitambaa cha kufuma. Ilipanguswa vumbi kila asubuhi kwa muda mrefu na haikuwashwa, kwa sababu aliyepewa mafunzo ya kuiwasha alihamishwa wiki hiyo hiyo. Siku moja niliondoa kitambaa nikaiwasha, na haikulipuka. Kulikuwa na kitabu cha kuandika programu kilichoachwa na mhandisi mmoja aliyepita, hakina jalada wala kurasa za mwisho. Nilijifunza humo. Hadi leo sijui kitabu kile kiliishaje, na huenda ndiyo maana programu zangu nyingi zilianza vizuri kuliko zilivyomalizika.

Programu niliyoijali kuliko zote ni Zamu. Unaingiza majina ya watu wa mfereji mmoja, yenyewe inapanga nani anapata maji siku gani na saa ngapi. Simu za mkononi zilipopanda hadi milimani, nikaiongezea kutuma ujumbe kwa kila mkulima siku moja kabla. Nilianza na Suji, kwetu. Vudee wakasikia wakataka, na baadaye Kisiwani kule bondeni nao wakataka.

Hapo ndipo mambo yalipogawanyika, kwa sababu ya siku za mapumziko. Kwenye mfereji wetu wa Suji watu wengi ni Wasabato na Jumamosi hakuna anayeshika jembe. Mfereji wa Vudee wengi ni Walutheri, wanapumzika Jumapili. Mfereji wa Kisiwani Waislamu ni wengi, na Ijumaa mchana maji hayaguswi hadi watu watoke msikitini. Programu moja ikabidi ijue ibada za watu wa namna tatu. Kila kijiji kikataka nakala yake, na kila nakala ikaanza kuwa na tabia zake.

Nakala hizo zilisafiri kwa flashi. Tuliitia kwenye bahasha, tukaandika jina la anayepelekewa, tukampa kondakta wa basi la mlimani. Ikirudi, ilirudi na virusi pamoja na nyimbo za kwaya. Kwenye kompyuta yangu kulikuwa na faili la zamu mpya, zamu mpya ya mwisho, zamu ya mwisho kweli, na moja niliyoiita zamu usifute. Ile ya usifute ndiyo niliyoifuta, siku moja nikitafuta nafasi.

Kaanaeli alipoajiriwa alitazama mafaili hayo kwa utulivu mkubwa, kama muuguzi anayefungua bandeji ya mtu mwingine. Wengi wenu mnamjua sasa kama bosi wenu. Wakati huo alikuwa mgeni kutoka chuo. Akaniambia kuna ghala za kuhifadhia programu kwenye mtandao, ambamo kuna nakala kuu moja tu. Anayetaka kubadilisha kitu anachukua nakala ya pembeni, inaitwa tawi, anafanya kazi yake humo, kisha anaomba tawi liunganishwe na nakala kuu. Ghala linakumbuka nani alibadilisha nini na kwa sababu gani, na ukikosea unarudi nyuma. Tena mtu yeyote anaweza kusoma.

Nilikataa. Nilimwambia kwamba bando ni ghali na mtandao Vudee unashika penye jiwe moja tu karibu na kanisa. Hayo yalikuwa kweli lakini hayakuwa sababu. Sababu ni kwamba sikutaka watu wasome. Nilikuwa nimejifunza kwenye kitabu kisicho na mwisho, na humo ndani kulikuwa na mafundo ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nayapita kwa kunyata. Nilimwambia programu si nguo ya mtumba hata ianikwe barabarani. Alisema sawa mama, na kila baada ya miezi michache akaniuliza tena.

Badala yake nikaja na mpango wangu mwenyewe, na nikauona wa akili sana. Niliutoa kwenye msaragambo. Huo ni ushirika wetu wa kazi: baragumu inapigwa, kila kaya inatoka na jembe, mfereji unapimwa kwa fimbo, na kila mmoja anapewa kipande chake cha kuzibua. Ukimaliza chako unakaa. Kipande cha mwenzio hukigusi, hata kama unaona kimechimbwa ovyo, kwa sababu ukikigusa umewatangazia watu wote kwamba yule ni mvivu au hajui kulima. Watu wamewahi kununiana miaka kwa jembe moja lililovuka mpaka.

Basi nikaigawa programu vivyo hivyo. Kipande cha Suji changu. Cha Vudee cha Kaanaeli, naye akichukua maelekezo kwa Mzee Elinaja. Cha Kisiwani nikampa Mwalimu Shabani, mwalimu wa hesabu ambaye ni katibu wa mfereji wao na aliyejifunza kuandika programu baada ya vipindi. Kila mwisho wa mwezi walinitumia vipande vyao, nikavishona pamoja, nikavirudisha. Misimu miwili ilikwenda vizuri na mimi nikavimba kichwa. Kwenye mkutano mmoja nilieleza mpango huo kwa nusu saa, na watu walipiga makofi.

Kiangazi cha mwaka wa tatu nilipigiwa simu na mwenyekiti wa kamati ya maji ya Suji. Hakunisalimia kwa kirefu. Alisema Bibi Nakijwa hajapata ujumbe wa zamu kwa mizunguko mitatu.

Bibi Nakijwa ni mjane, na shamba lake ndilo la mwisho kwenye mfereji wetu. Ujumbe wa kwanza ulipokosa kufika, alidhani simu imeharibika. Wa pili alikwenda kuuliza, akaambiwa kompyuta haijalitoa jina lake. Wa tatu hakuuliza tena, kwa sababu tayari alikuwa ameamini kwamba amefutwa.

Nikapanda Suji siku iliyofuata. Kamati ilikuwa imekaa nje ya ofisi ya kijiji, pamoja na watu wengi ambao hawakuwa wanakamati. Nilikuwa na maneno yangu nimeyapanga. Bibi Nakijwa akasimama kabla yangu, hakunipigia kelele, akaniuliza swali moja.

"Mwanangu, niambie mbele ya watu hawa. Nimekosa nini hata nikafutwa?"

Nilikuwa nimesimama kwetu, mbele ya watu walionifahamu tangu nimebebwa mgongoni, na nilishikwa na haya ambayo sijawahi kuiona ofisini hata siku moja. Nikamwambia hakukosa kitu, aliyekosa ni mimi, ila bado sijajua nimekosea wapi. Maharage yake yalikuwa yameshakwenda. Yaliyobaki ni mahindi, yalikuwa ndiyo kwanza yanabeba, na yangeweza kuvumilia hadi mzunguko mmoja tu.

Kamati ikaamua hapo hapo. Zamu ya Bibi Nakijwa ingeangukia Jumatatu ya mzunguko unaofuata. Programu yenyewe ikimfikishia zamu yake, bila mtu kumwongeza kwa kalamu, itabaki. Isipomfikishia, mgawa maji atampa maji kwa mkono na daftari la zamani la zamu litarudi moja kwa moja. Nilijua Suji wakirudi kwenye daftari, Vudee na Kisiwani watafuata, na kazi ya miaka yangu yote itabaki kuwa hadithi ya kuchekesha kwenye mazishi yangu.

Niliporudi Same nikafungua kipande cha Suji na kukisoma siku mbili. Sikuona kitu. Unapokuwa umeandika mwenyewe, macho yanasoma ulichokusudia, hayasomi kilichopo. Nikampigia Mwalimu Shabani, si kwa kuomba msaada, kwa kulalamika tu. Nikamweleza yaliyompata Bibi Nakijwa.

"Ni Jumamosi," akasema. "Zamu ikiangukia Jumamosi, unaisukuma Jumapili. Lakini wa Jumapili humsukumi. Wanabanana siku moja, saa hazitoshi, na wa mwisho kwenye orodha anadondoka."

Nikamuuliza amejuaje haraka hivyo. Akasema amejua tangu Mfungo wa Ramadhani. Alinakili kipande changu ili apate namna ya kupanga Ijumaa yake, akaliona kosa, akalirekebisha kwenye nakala yake. Kisiwani hakuna aliyedondoka.

"Na mimi hukuniambia?"

"Kipande ni chako, Mama Ombeni. Ningekigusa ningekuwa nimekwambia hujui kulima. Tena wewe ndiye uliyenifundisha."

Nilitaka kumkasirikia na sikuweza, kwa sababu alikuwa amefuata sheria niliyoiweka mimi na niliyopigiwa makofi. Adabu yake na yangu ndizo zilizokausha maharage ya mjane. Nilimwambia Kaanaeli, naye akakiri kwamba kulikuwa na jambo moja kwenye kipande cha Kisiwani alilokuwa akilitilia shaka, naye amenyamaza. Watu watatu wenye akili timamu tulikuwa tumekaa miezi tukitazamana makosa na kustahiana.

Wiki ile ile Mzee Elinaja alishuka Same kutazamwa miguu hospitali, akapita ofisini kunywa chai. Sikuwa na nia ya kumwambia. Kaanaeli akamwambia yote, nadhani kwa makusudi. Mzee alisikiliza, akaweka kikombe chini, akaniuliza kama nimeshawahi kufika kwenye msaragambo au nimesimuliwa. Nikamwambia nimeshika jembe tangu nina miaka minane.

"Basi ulikuwa unaondoka mapema. Vipande vikiisha, kabla ndiva haijafunguliwa, tunafanya nini?"

Nikakumbuka. Watu wote wanarudi juu, wanautembea mfereji kutoka mwanzo hadi mwisho kwa pamoja, na anayeona tobo analisema, kiwe kipande cha yeyote. Hakuna anayenuna. Mimi nilikuwa mtoto na sehemu hiyo ilinichosha, kweli nilikuwa natoroka.

"Kipande ni chako wakati unachimba," akasema Mzee Elinaja. "Maji yakitaka kupita, mfereji ni mmoja. Wewe umewapa watu majembe ukawanyima kutembea."

Akamaliza chai yake na kuomba nyingine.

Siku ile ile nikamwambia Kaanaeli afungue ghala. Hakunikumbusha kwamba aliniambia. Alikuwa amelifungua tangu mwaka uliopita, likiwa tupu, likinisubiri. Tukaiweka Zamu yote humo, pamoja na mafundo yangu. Tukaandika sheria moja juu kabisa, na ndiyo hiyo hiyo mnayoiona leo: badiliko lolote haliingii kwenye nakala kuu mpaka lisomwe na mtu wa mfereji mwingine. Si wa mfereji wako, kwa sababu huyo ana mazoea yako. La Suji lisomwe na Kisiwani au Vudee, na kuendelea hivyo.

Nikarekebisha Jumamosi yangu kwenye tawi, nikaandika sababu, nikamwomba Mwalimu Shabani asome. Nilitegemea aandike neno sawa tu. Aliandika maoni kumi na moja. Alisema jina hili halieleweki, mstari huu unarudia kazi ya ule, hapa umeandika namba saba bila kusema ni saba ya nini. Nilisoma hadi la nne nikafunga kompyuta, nikaenda nje, nikazunguka soko zima la Same bila kununua hata nyanya. Niliporudi niliyasoma yote. Tisa yalikuwa kweli. Mawili nilibishana naye, moja nikashinda.

Wenzangu, hapo nataka msome polepole. Kusomwa kunauma. Hakuna siku kutaacha kuuma kabisa, na anayewaambia kwamba hajali anadanganya. Lakini maoni yanaandikwa juu ya mstari, hayaandikwi juu ya mtu, na ukilizoea hilo utapata usingizi mzuri kuliko mimi nilivyokuwa napata. Nanyi mnaosoma kazi za wengine, semeni tobo liko wapi na mnadhani lizibwe vipi. Kuandika tu kwamba hii mbaya ni uvivu. Na kwenye sababu ya badiliko msiandike nimerekebisha. Umerekebisha nini, kwa nini, na nani alikuwa anaumia?

Kaanaeli akaongeza jaribio. Kila badiliko likitaka kuingia, programu inajiendesha yenyewe kwa mzunguko wa mwaka mzima na kuhesabu kama kila jina lililoingia limetoka. Mtu mmoja akikosekana, mlango haufunguki. Jaribio hilo alilipa jina la Bibi Nakijwa. Nililiona nikafikiri amenichoma, kisha nikaona amefanya jambo la haki kabisa, na jina hilo lisibadilishwe.

Mzunguko ukaanza. Jumamosi ikaja, zamu zikasogea, wa Jumapili wakasogea nao. Jumapili mchana mwenyekiti wa Suji akanipigia kuniambia kwamba Bibi Nakijwa amepata ujumbe na ameupeleka kwa kila jirani ausome, maana haamini. Nilimwambia ujumbe si maji. Jumatatu alfajiri nilikuwa tayari njiani kupanda mlima.

Nilisimama na Bibi Nakijwa mwisho wa mfereji, yeye na jembe lake, mimi na mikono mitupu. Mahindi yake yalikuwa yamekunja majani. Nusu ya kamati ilikuwepo, na watu wengine walijifanya wanapita. Saa ya zamu ilifika na mfereji ulikuwa mkavu. Dakika kumi nzima sikumwangalia mtu usoni. Kisha tukaona vumbi la mferejini linageuka rangi, majani makavu yakaanza kusogea yenyewe, na maji yakaja nyuma yake, ya kahawia, yanakwenda taratibu. Bibi Nakijwa akakata tuta kwa jembe yakaingia shambani. Nililia waziwazi, mtu mzima na kitambulisho cha ofisi shingoni.

Mwenyekiti akasema daftari libaki kabatini. Bibi Nakijwa akaniambia nisilie kwenye mahindi, chumvi si nzuri.

Kuanzia hapo sikuwa na breki. Vijiji vingine vikaingia ghalani, kila kimoja na katibu wake na siku zake. Nilikuwa nasoma kazi za watu na watu wanasoma zangu, na nilijifunza mengi katika miaka hiyo ya mwisho kuliko yote niliyojifunza peke yangu. Siku moja likaja badiliko kutoka kwa mtu ambaye hakuna kati yetu aliyemjua. Alisema yupo Nyanda za Juu Kusini, wana mfereji wao, wameichukua Zamu kwa sababu iko wazi, na wameona kwamba watu wawili wakiwa na jina moja, ujumbe wote unakwenda kwa mmoja. Alikuwa amelirekebisha na kuandika sababu kwa mistari minne safi. Mimi wa zamani ningeuliza huyu ni nani na anatafuta nini. Mimi wa sasa nilimwita Mwalimu Shabani asome. Aliandika maoni mawili, mgeni akayajibu, tukaunganisha. Siku hiyo nilinunua soda kwa ofisi nzima, na kuna waliodhani nimepata mjukuu.

Ndipo siku yangu ikafika, nikapewa keki, jiko la gesi na hotuba, nikarudi Suji. Kule nina shamba la maharage kwenye mfereji ule ule, na mwenyekiti akaniandikisha kwenye orodha ya zamu. Nakiri kwamba wiki za kwanza nilikuwa na wasiwasi. Nilikuwa nimeambiwa mara nyingi kwamba nikiondoka Zamu itakufa, na sehemu moja ya roho yangu, ile ya zamani, ilikuwa inapenda kusikia hivyo. Nilikuwa naiacha simu karibu na sikio.

Wiki iliyopita nilikuwa jikoni nachambua mchele, simu ikaita. Nikapokea, nikasikia Mzee Elinaja ananisalimu kwa Chasu, Kipare chetu. Nikamwamkia. Hakuitikia. Akaendelea kusema kwamba mfereji wetu utafunguliwa Jumanne, zamu yangu ni ya pili, nianze saa tatu asubuhi na nimpishe jirani saa tano. Nikamuuliza hali ya miguu. Akarudia maneno yale yale, neno kwa neno, kisha simu ikakatika.

Nilishangaa, maana mzee wetu hana tabia ya kumkatia mtu simu. Nikampigia. Alicheka mpaka akakohoa.

"Umeongea na programu yako, mwanangu. Leo nimeamkiwa na Suji nzima na mimi nimelala."

Nikafungua ghala kwa simu yangu pale jikoni. Sababu ya badiliko ilikuwa imeandikwa vizuri: wazee wengi hawasomi maandishi madogo, na Bibi Nakijwa ameomba aambiwe kwa mdomo, kwa lugha ya nyumbani. Sauti ya Mzee Elinaja ilirekodiwa Vudee, akitaja siku zote za wiki na saa zote. Aliyeandika ni Mwalimu Shabani. Aliyesoma na kutoa maoni ni katibu mpya wa Suji, dada mmoja ambaye sikumfundisha mimi. Kaanaeli aliunganisha. Tangu niondoke kulikuwa na mabadiliko kurasa mbili, na jina langu halikuwepo hata kwenye moja.

Niliwaita majirani niwaonyeshe, nao hawakuelewa nafurahia nini.

Jumanne saa tatu maji yalifika. Nilikata tuta, yakaingia kwenye maharage yangu. Saa tano nikaliziba na kumpisha aliyenifuata kwenye orodha.